Mwalimu wa Nyuma ya Pazia

9 Januari

Mke wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, utoe zako kwanza, zitakazobaki ndizo uwagawie hao wengine. Mgongo unasemaje? Cherehani bado inakula nyuzi? Mama ameng'oa lile jino au bado anamkimbia daktari? Mwambie mjomba nimeota kuku wake wote wamehama. Kama wapo, ashukuru. Kama hawapo, asiniite mchawi.

Mumeo ni mzima. Nimefika, nimepata chumba, nimeanza kazi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu ukipigiwa simu nyumba nzima inajazana sikioni mwako, na mtu na mke wake hawaongei mbele ya mashahidi.

Chumba kiko ghorofa ya tatu. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, na kwa kuwa ukuta hauna pa kwenda, tumeshazoeana. Mama mwenye nyumba ni mjane mwenye mbwa mdogo anayevaa sweta. Wapangaji wenzangu wote wamepewa shuka nyeupe, mimi nimepewa nyeusi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Hizi hazionyeshi." Hazionyeshi nini? "Hazionyeshi tu." Basi nalala kwenye shuka zisizoonyesha, na kila asubuhi nazikagua nione kama kuna kitu nimekiacha.

Kwenye basi kiti cha pembeni yangu hakikaliwi, hata watu wakisimama wamebanana mlangoni. Nimeupa mkoba wangu kiti hicho. Mkoba unasafiri umejinyoosha kama bosi. Na kinyozi je! Nilipoingia dukani kwake alinizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba, akampigia simu mwenzake, mwenzake akaja na mkewe, wote watatu wakanishika kichwa, wakacheka, nami nikacheka, wakanipa chai. Nimetoka na nywele zangu zilezile, wala hakuna aliyekumbuka kuninyoa.

Kazi ni nzuri. Kituo kiko juu ya duka la viatu, nami nafundisha watoto Kiingereza kila siku mchana. Unakumbuka waliniajiri kwa simu bila kuniona. Basi Mkurugenzi, mama mmoja mpole wa mikoba mikubwa, alikuja kunipokea uwanjani akiwa na kibao chenye jina langu. Nikasimama mbele yake, nikatabasamu. Akatazama nyuma yangu, kama vile nimemficha mtu. Lakini tulielewana, na amenipa chumba cha nyuma kabisa, mbali na kelele, chenye ngazi zake za nje. Unaona heshima hiyo?

Watoto ni wazuri mno, Bibi. Kitabu chao kinasema mtu akikusalimia jibu neno moja, basi, mmemaliza. Nikaona hapana, hawa watakua hawana adabu. Nimewafundisha salamu kama tunavyozijua: umeamkaje, wa kwenu hawajambo, kazi inaendaje, na bibi yako je? Na ukiulizwa nawe unauliza. Tunamaliza nusu ya kipindi bado tunaulizana hali, lakini Kiingereza kinaingia.

Mumeo halali,
Mwalimu

10 Februari

Mume wangu wa mbali, usiyetuma hata kanga,

Huku tu wazima. Mgongo unauma ukinikumbuka. Jino la mama yako limeng'oka lenyewe akitafuna mfupa, na sasa anatembea mtaa mzima akijisifu kwamba amemshinda daktari. Kuku wa mjomba wako ni kweli hawapo, ila hawakuhama. Wameliwa na wageni wake mwenyewe, na mimi nilikuwa mgeni mmojawapo. Mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu, kwa hiyo usije ukanirudishia barua na wino mwekundu.

Shuka nyeusi zimenichekesha mpaka mama yako akaja kunishika. Kisha nikanyamaza ghafla, lakini hayo tuyaache.

Usikasirike, nimepangisha chumba chako. Mume hayupo, mke ale nini? Nimempata mpangaji mwalimu kama wewe, mgeni, msichana ametoka kwao huko baridini kuja kufundisha Kiingereza sekondari. Nywele zake zina rangi ya karoti, na watoto wameshambatiza jina hilo, Karoti. Mume wangu, msichana huyu ni baraka! Akitoka shuleni namkalisha barazani, mbele kabisa, karibu na cherehani yangu, nywele nimemwambia aziachie. Tangu nimkalishe pale kazi imefurika. Watu wanaleta kushonwa nguo ambazo hazijachanika. Jana mwanamke mmoja kaleta sketi, nikaitazama juu na chini, nikamuuliza, "Nikushonee nini hapa?" Akasema, "Wewe tafuta tu." Macho yake yako kwa Karoti.

Watoto wanamshika nywele. Ananyamaza, anatabasamu, ni mpole. Mara nyingine uso unakuwa mwekundu, nadhani ni jua.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi nimeshona sare za shule tangu mama yako hajazaliwa, nawajua walimu wapya. Mwalimu mpya hana hadithi nyingine isipokuwa wazazi: mama wa huyu, baba wa yule. Wewe umeniletea kinyozi, umeniletea basi, umeniletea mbwa mwenye sweta. Mzazi hata mmoja! Wazazi wa hao watoto wako wapi? Na usinipige chenga, nimekulea mimi.

Mkeo asiyezeeka

8 Machi

Mke wangu jasusi,

Salamu kwa wote, na pole kwa kuku kwa niaba ya familia. Mgongo uupake dawa. Karoti mwambie alalie upande wa ukutani, upande mwingine kitanda kina kamba iliyolegea.

Haya, umenikamata. Kaa chini, maana hii hadithi tamu.

Wiki ile niliyofika, kulikuwa na fundi rangi anapaka kuta za kituo. Ni mgeni pia, mtu wa nchi ya mbali ambako Kiingereza hakisemwi wala hakitafutwi. Ila uso wake mweupe, nywele zake njano, macho kama maji ya bwawa la kuogelea. Mzazi mmoja akapanda ngazi kuulizia masomo, akamkuta fundi yuko juu ya ngazi yake na brashi mkononi. Yule mzazi akamwinamia! Akampa mkono, akaondoka na rangi kwenye vidole, akamsajili mwanawe siku hiyohiyo. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, akaona yote. Kesho yake fundi rangi alivalishwa tai.

Namwita Bwana Dirisha, maana kazi yake ni kukaa kwenye dirisha la mbele, juu ya duka la viatu, amefungua kitabu. Siku nyingine kitabu kiko juu chini. Watoto wakija na wakiondoka anasimama mlangoni na wazazi, anasema maneno yake mawili ya Kiingereza, "Vizuri sana" na "Bora kabisa". Wazazi wanafurahi mno. Mimi muda huo niko chumba cha nyuma, na ngazi za nje ni zangu ili nisikutane na mtu. Wazazi wameambiwa mimi ni msaidizi wa kufuta ubao. Ubao nafuta kweli, sikatai.

Mkurugenzi aliniita akanikaribisha biskuti, akasema, "Mimi sina neno na wewe hata kidogo. Ni wazazi." Bibi, huu mji ni wa ajabu. Mama mwenye nyumba naye hana neno, ni wapangaji. Nimewauliza wapangaji, hawana neno, ni mama mwenye nyumba. Nilimrudia kinyozi, akaniapia hana neno, ni mashine. Mji mzima hauna neno na mimi! Namtafuta huyo mtu mmoja mwenye neno, lazima amechoka sana, nimsalimie.

Na Bwana Dirisha ni mtu mzuri, usimchukie. Anaona haya kuliko mimi. Wazazi wakishaondoka anakuja chumba cha nyuma, anakaa kwenye kiti cha mtoto magoti yamemfika kidevuni, anajifunza pamoja nao. Tunacheka mpaka Mkurugenzi anagonga ukuta.

Sasa lile la kunikosesha raha. Tarehe 30 Mei wazazi wanakuja kutazama somo. Mwezi huohuo miezi yangu ya majaribio inakwisha. Mkurugenzi akisaini, nabaki. Asiposaini, kibali changu cha kuishi hapa kinakufa, na mumeo anarudi na sanduku lake. Mpango wake ni huu: Bwana Dirisha asimame mbele ya darasa langu, mimi nikae nyuma ya pazia nimnong'oneze maneno. Likipita salama, anasaini.

Natamani kitu kimoja tu, wazazi wa watoto wangu wanione. Lakini kazi hii naitaka, Bibi, na watoto hawa nawapenda. Sijui.

Mumeo wa pazia

5 Aprili

Mume wangu,

Sote hatujambo isipokuwa mimi, ninatokota kama sufuria. Pazia! Mjukuu wangu anong'one nyuma ya pazia kama panya wa ghalani, na fundi rangi asimame mbele amekunja mikono! Nimesoma barua yako mbele ya mama yako na mjomba, samahani kwa mashahidi, hasira ilinizidi. Mama yako alilia. Mjomba wako alisema tuandike kwa serikali. Serikali gani, hakusema, ila alivaa viatu.

Lakini nilipofika kwa kinyozi na mashine yake, nilicheka, Mungu anisamehe. Na huyo Mkurugenzi mwambie nimesema hivi: mtu asiye na neno anyamaze.

Ushauri wangu ni mmoja. Kaza moyo. Usitukane mtu, usivunje kitu. Ila ikija saa ya kuonekana, usijifiche.

Huku biashara ni moto, nashona mpaka vidole vinaota sindano. Mama wa mtaa wa chini ana mtoto anayelia ovyo, kamleta atishwe na Karoti. Mtoto alinyamaza kweli! Sasa wanaleta na wengine. Juzi huyo Karoti kaniomba jambo la ajabu, eti akitoka kazini aingie ndani, akae kwenye ile cherehani ya zamani, nimfundishe kushona pindo. Nikamwambia mwanangu, ukikaa ndani nani atakuona? Akarudi barazani. Anazidi kuwa mwekundu, nimemnunulia kofia, lakini kofia inafunika nywele, basi nikaichukua. Mimi sina neno naye hata kidogo, namwona kama damu yangu. Ni wateja.

Kula vizuri. Mke wako anajua unapunguza chakula ukiwa na mawazo.

Mkeo mwenye hasira

2 Mei

Bibi,

Salamu kwa wote.

Nimempata. Yule mtu mwenye neno niliyekuwa namtafuta mji mzima. Kumbe alikuwa nyumbani kwetu, anashona.

Rudia barua yako, ile sehemu ya Karoti. Soma kwa sauti. Kisha mtoe Karoti uniweke mimi, na wewe ukae mahali pa Mkurugenzi, na uniambie kama kuna nguo hapo haimtoshi mtu. Umemnyang'anya kofia, Bibi! Mimi wananificha, yeye mnamwanika. Lakini wote wawili hakuna anayetuuliza tumekuja kufanya nini.

Sitaki kukukosea adabu. Nakupenda na unalijua hilo. Lakini nakaa kwenye chumba cha nyuma, nasikia wazazi wanamshukuru fundi rangi kwa jinsi watoto wao wanavyoongea, na nauma meno, na naona aibu kama vile mimi ndiye niliyefanya kitu kibaya. Nimekuandikia vichekesho tangu Januari kwa sababu nikiacha kucheka sijui nitafanya nini. Karoti naye anatabasamu, umesema. Basi mimi najua lile tabasamu, nalivaa kila siku.

Muulize tu anataka nini. Usimjibie.

Mjukuu wako

1 Juni

Mke wangu uliyenuna,

Sina barua yako. Labda posta, labda midomo umeifunga na pini za nguo. Basi nitaongea mwenyewe, maana yaliyotokea juzi siwezi kulala nayo bila kumwambia mtu.

Nilikuwa nimekata shauri. Nimejipima, nikaona ninataka kubaki, na watoto ninawataka. Nikasema nitakaa nyuma ya pazia, nitanong'ona, atasaini, mambo ya kuonekana yatakuja mwaka kesho. Usinilaumu.

Pazia lenyewe lilikuwa la maua, limetolewa nyumbani kwa Mkurugenzi, na lilikuwa fupi. Viatu vyangu vilikuwa nje. Kwa hiyo wazazi, wamekaa kwenye viti vya watoto wamejikunja, waliona ubao, na kando yake pazia lenye maua linalovaa viatu. Bwana Dirisha kasimama mbele na tai yake, jasho linamtiririka. Mkurugenzi anatabasamu mpaka meno ya nyuma.

Watoto wakasimama. Wakasalimia kwa pamoja, safi, Kiingereza cha kupendeza: Habari za mchana, mwalimu? Umeamkaje? Wa kwenu hawajambo? Kazi inaendaje? Na bibi yako, mgongo wake je?

Ndiyo, mgongo wako. Wanaujua.

Wazazi wakatoa macho kwa furaha. Bwana Dirisha akasema, "Vizuri sana. Bora kabisa." Mimi huku nimeshika pazia, nimenong'ona maneno ya kuendelea na somo, lakini hanisikii, moyo umempanda. Na watoto hawakukaa! Wanajua salamu haijaisha mpaka nao waulizwe. Wakasubiri. Kiti kimoja kikalia. Watoto wote wakageuza shingo, polepole, wakalitazama pazia, wakarudia swali, sasa wakiliuliza pazia: Na bibi yako, mgongo wake je?

Bibi, naapa nilikuwa nimeubana mdomo kwa mikono miwili. Kazi yangu, kibali changu, sanduku langu, vyote nilivikumbuka. Lakini nimelelewa na wewe. Mtu anakujulia hali mara mbili unyamaze? Mdomo ulijibu wenyewe, kwa sauti kubwa ya darasani: "Hajambo kidogo, asanteni sana, na ninyi mmeamkaje? Wa kwenu wote wazima?" Pazia likaongea! Watoto wakashangilia wakaanza kujibu mmoja mmoja, huyu mama yake ana mafua, yule mbwa wake amezaa, na wazazi wameketi palepale wanasikia siri za nyumba zao kwa Kiingereza fasaha.

Mkurugenzi akawa rangi ya ukuta. Hapo ndipo Bwana Dirisha alipofanya jambo nitakalomkumbukia mpaka kufa. Aliilegeza tai akaivua. Akaja, akalivuta pazia, likaanguka na fimbo yake, nami nikabaki nimesimama pale na chaki. Akawaambia wazazi kwa maneno aliyoyaokota chumba cha nyuma, "Mimi, rangi. Ukuta huu, mimi. Watoto hawa, yeye." Kisha akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni.

Baba mmoja alicheka mpaka kiti kikavunjika. Wengine walitazamana. Mama mmoja mwenye koti la kijani alimshika mwanawe mkono akatoka naye bila kusema neno, na wengine wakamfuata. Wengine walibaki vitini. Nikafundisha. Nilifundisha kipindi chote mpaka mwisho, nje ya pazia.

Mkurugenzi hajasaini. Kasema nisubiri wakati anahesabu nani karudi na nani hakurudi. Kibali amekiombea wiki chache tu. Sijui, Bibi.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Mumeo wa nje ya pazia

29 Juni

Mume wangu mwenye mdomo,

Barua zako mbili nilizisoma kila moja kwa siku yake, na hii ya pili nimeisoma nimekaa chini kabisa sakafuni, maana kitini nilishaanguka. Ungeachaje salamu ining'inie? Mgongo wangu unajulikana ng'ambo! Umepona palepale. Nimeusimulia mtaa mzima, na mjomba wako anaigiza pazia kila jioni kwa shuka ya mama yako.

Ile ya kwanza sikuicheka. Niliikunja nikaitia kwenye droo ya vifungo, nikanuna siku nyingi. Nikasema mjukuu gani huyu, nimemlisha, nimemvalisha, ananifananisha na mwanamke wa mikoba. Kisha ikawa kila nikimtazama Karoti pale barazani naona viatu vyako.

Basi nikamuuliza, kama ulivyosema. Nikamkalisha jikoni, tukiwa wawili, nikamwambia, mwanangu, hapo barazani unapapenda? Kiswahili chake ni kizuri siku hizi, sikuwahi kukigundua kwa sababu sikuwahi kumuuliza kitu kirefu. Akasema, "Bibi, mimi nilifikiri ndiyo kodi."

Mume wangu, nimeishi miaka mingi na nimeambiwa mengi. Hilo lilinikata. Nilitaka kusema ni wateja, nikalitafuna neno kama mama yako na mfupa wake.

Nikamwambia kuanzia kesho ukae unapotaka. Nikategemea atakuja ndani kwenye cherehani, nimfundishe pindo, tucheke, yaishe. Hakuja. Kesho yake alikaa chumbani kwake mlango umefungwa, na keshokutwa, na wiki ile yote. Nilikuwa napita nje ya mlango na mgongo wangu mpya najifanya nafagia. Haki yake. Wateja wakaja, "Yuko wapi?" Nikawauliza, "Nani? Fundi ni mimi." Wengi hawajarudi na sketi zao nzima. Waende salama.

Jumamosi iliyopita mlango ukafunguka. Kaja na suruali yake mwenyewe iliyochanika gotini, kakaa kwenye cherehani ya zamani bila kuniomba, kashona kiraka kimepinda kama njia ya ng'ombe. Nikakitazama. Nikamwambia fumua. Akafumua. Hatujaongea zaidi ya hapo, na sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza hilo, maana hilo ningekuwa nauliza kwa faida yangu.

Huyo mama akikukatalia kusaini, rudi. Chumba chako kina mtu na simtoi, utalala na cherehani. Lakini roho yangu inasema usirudi kwanza.

Mkeo, aliyefumuliwa

26 Julai

Mke wangu, fundi mkuu,

Nimeisoma barua yako kwenye basi, nikacheka peke yangu, na mkoba wangu ukanionea aibu. Salamu kwa mama, kwa mjomba na pazia lake, na kwa Karoti, mwambie mimi kiraka changu cha kwanza kilishona suruali na kitambaa cha meza pamoja.

Sasa keti. Mkurugenzi aliniita wiki mbili zilizopita. Waliondoka watoto kadhaa, wakaja wapya kadhaa, mahesabu yakamkubali. Akaweka mkataba mezani, biskuti kando yake. Akasema atasaini, ila ana wazo zuri kwa ajili yangu. Bwana Dirisha amerudia rangi zake, kwa hiyo dirisha liko wazi. Nikae mimi! Na ananunua shati la marangirangi, na ngoma ndogo, niwe naigonga watoto wakipita barabarani. "Utavutia sana," akasema.

Nilimtazama yule mama, Bibi, nikaiona baraza yako. Kutoka nyuma ya pazia mpaka dirishani, bila kupitia darasani! Nilicheka mpaka akaniletea maji. Kisha nikamwambia hapana. Ngoma sijui kupiga, mwulize mtu yeyote kwetu aliyenisikia. Nikamwambia nataka kusimama mlangoni saa watoto wanapochukuliwa, kama mwalimu mwingine yeyote, nizungumze na wazazi wao. Asipotaka, sanduku langu ni jepesi. Nilisema kwa uso mkavu, ila mikono niliikalia.

Akaanza, "Mimi sina neno, ni waza—" Akaishia hapo. Wazazi wameshaniona, hana tena wa kumtanguliza. Akala biskuti, akasaini. Mwaka mmoja, Bibi! Nilimkumbatia fundi rangi katikati ya barabara, na suti yangu sasa ina alama ya mkono mweupe mgongoni ambayo imemshinda dobi.

Siku ya kwanza mlangoni ilikuwa mbaya. Wazazi walipita kwa mbali wakiwaita watoto kwa vidole. Mwanamume mmoja alinipa mwavuli wake nimshikie, akadhani mimi ni wa mlango. Nilimshikia, kisha nikamweleza mwanawe amefika wapi katika kusoma, na akabaki anautafuta mwavuli mkononi mwangu bila kuuona. Wengine wananisalimia siku hizi. Wengine hawasalimii, na sitarajii.

Jana akaja yule mama wa koti la kijani. Alimrudisha mwanawe wiki iliyopita kwa kumtuma dada yake, jana kaja mwenyewe. Nikanyoosha mkono, hakuupokea. Akafungua mkoba akatoa daftari la mtoto, akalipigapiga kwa kidole mbele ya uso wangu, na akaanza. Mwandiko huu ni wa nini? Kazi ya nyumbani mbona kidogo? Mtoto wa jirani anasoma kitabu kizima, huyu wake bado anaulizana hali! Alisema kwa sauti, ngazi nzima inasikia, wazazi wengine wamesimama na makoti yao. Nikataka kujieleza, akanikatiza, "Wewe ndiye unayemfundisha mwanangu, sitaki kusikia mwingine. Akishindwa mtihani nakuja kwako." Akaniachia daftari, akamshika mtoto, akashuka.

Bibi, nimegombezwa! Na mzazi, mlangoni, mbele ya watu! Nilipanda ngazi mbilimbili nikakaa kwenye kiti changu, nikalia kidogo. Kisha nikafungua daftari. Mwandiko ni mbovu kweli, yule mama ana haki.

Mumeo,
Mwalimu